Bei ya Kushuka

Fundi wangu wa Rau amefariki dunia. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mtamkumbuka, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo pia sitamtaja: ni yule ambaye miaka sita iliyopita nilimwandika hapa kwa kejeli, nikasema anaendesha gari la mbio kama mtu aliyepakata trei la mayai. Wengi mlicheka. Wengine mlinipigia simu kunipongeza, na pongezi zile nilizipokea kwa mikono miwili. Habari za kifo chake sikuletewa na mtu. Jumatano asubuhi nilikwenda gerejini kwake kubadilisha oili, nikakuta geti limefunguliwa nusu, na kwenye baraza ya nyumba yake, iliyopakana na gereji, viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi. Mtu wa Moshi akiviona viatu vile haulizi mara mbili. Nilizima gari, nikajifunga kanga niliyokuwa nayo kwenye buti, nikaingia. Alikuwa amefariki alfajiri akijiandaa kutawadha, na alasiri ilipoingia wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Mimi, Mlutheri wa mlimani, nilikaa mkekani na kina mama wa mjini, nikanywa chai ya tangawizi, nikalia kuliko nilivyotarajia.

Kwa ambao hamkumfahamu, alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia nyeupe ya kudarizi ambayo sikuwahi kuiona na doa la grisi, na hadi leo sijui aliwezaje. Bibi yake alitoka Pangani, babu yake aliletwa hapa na kazi ya reli, mama yake alikuwa Mpare, naye mwenyewe ukimuuliza kabila alisema ni mtu wa Moshi, basi. Siku ya kwanza kukutana naye nilikuwa na gari langu la zamani lililokuwa likigonga kila nikipita kwenye makorongo. Gereji mbili zilikuwa zimeniambia injini ishushwe. Nikipita Rau polepole, mtu mmoja aliyekuwa akinunua vitumbua ng'ambo ya barabara aliinua mkono nipunguze mwendo, akatembea sambamba nami hatua kama kumi, kichwa amekiinamisha upande, kisha akaniambia, "Mama, mlango wako wa nyuma umemeza sarafu." Nilidhani ana kasoro. Akafungua ule ubao wa ndani wa mlango kwa bisibisi, akaingiza vidole viwili, akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akaniwekea kiganjani na kurudi kwenye vitumbua vyake. Gari halikugonga tena. Nilisimama pale barabarani na sarafu yangu, nimeshangaa kiasi kwamba nilisahau kumshukuru.

Tangu siku hiyo sikwenda kwa fundi mwingine. Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Ukimletea gari, kabla ya kufungua boneti alizunguka na kugusa rimu zote nne kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto, na kwa kugusa tu alikuambia umetoka wapi na umeendeshaje. Wewe umetoka Himo, umekimbia. Wewe umetoka Machame, umeshuka vibaya. Hakuwa akibahatisha. Ujanani alikuwa kibarua katika gereji moja ya mjini iliyohudumia magari ya mashindano, zamani yalipokuwa yakipita mkoani kwetu na kuacha vumbi la siku mbili, na tangu hapo maradhi ya magari ya mbio yalimwingia yasimtoke. Yeye mwenyewe alikuwa na baiskeli. Lakini kijana yeyote wa mjini aliyeagiza gari la mbio kutoka ng'ambo alikwenda kwanza kwake apimiwe, kama watu wanavyopeleka ng'ombe kwa mganga wa mifugo kabla ya kutoa pesa.

Sasa niwaambie jambo ambalo wanangu wanalionea aibu. Nilipostaafu ualimu na kupata mafao yangu, sikutaka nyumba ya kupangisha wala ng'ombe wa maziwa. Nilitaka gari la mbio. Nilikuwa mtoto mdogo nilipoliona la kwanza, nimesimama ukingoni mwa barabara na wenzangu tukitoka shule. Sauti ilitangulia, kisha ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zetu, kisha kitu chekundu kikapita na kukata kona ya mto kana kwamba hakuna kona. Vumbi lilipotua tulikuwa bado tumesimama vilevile, mdomo wazi, na nadhani kwa mara ya kwanza nilielewa kile mchungaji alichomaanisha aliposema neno utukufu. Miaka hamsini baadaye bado nilikuwa nikiitafuta ile sauti.

Magari yalikuwa mawili, na yote yalipatikana mwezi mmoja. Dogo lilikuwa la Kijapani, jekundu, la viti viwili, la zamani kidogo, paa lake la kukunja kwa mkono, mali ya mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kubwa lilikuwa la Kijerumani, rangi ya fedha, mali ya mfanyabiashara mmoja mtu wa kwetu anayeishi Dar. Alilipandisha Desemba, mwezi ambao sisi Wachagga wote tunapanda nyumbani kuonyeshana mwaka ulivyokwenda, na alipofika akagundua kwamba gari haliingii kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo lenye nyumba. Njia ya kupita migombani ina mgongo katikati, na gari lile tumbo lake liko chini mno. Sikukuu nzima lililala kwenye uwanja wa kanisa, likilindwa na mzee wa kanisa, mwenyewe akienda na kurudi kwa miguu akiwa na viatu vyake vya mjini. Januari akatangaza kuliuza. Bei yake ilikaribia mara tatu ya lile dogo. Dogo lingekula sehemu ya mafao yangu. Kubwa lingeyala yote, mpaka na ya dawa za uzeeni, na mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kulichagua kubwa.

Nilikwenda kwa fundi ili anikubalie tu. Nilimwamkia, akaitikia, akanikalisha juu ya tairi, akaanza kuniuliza maswali ambayo sikuyataka. Hakuuliza lipi lina mbio zaidi, hilo alilijua. Aliuliza ile nyongeza yote ya pesa inanunua nini hasa, na nitakitumia wapi. Akanihesabia matuta ya kutoka Moshi hadi Himo. Akanitajia wanakokaa trafiki na tochi zao za kupima mwendo. Akasema farasi wote wale waliomo kwenye injini nitawalisha kila siku, lakini siku ya kuwatoa zizini itakuwa lini? Nikamwambia vijana huenda kule chini kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni kulikonyooka. Alitikisa kichwa. Kule, alisema, kila gari linasifiwa. Yeye hupima mlimani. Akaniambia wanunuzi wote huuliza gari linapandaje, wakati yeye bei ya gari huiona likishuka. Nilidhani anachezea maneno tu, kwa kuwa bei nayo hupanda na kushuka, nikacheka kwa adabu.

Jumamosi tukayachukua yote mawili, moja baada ya jingine, kwenye barabara ya kwetu, kutoka Kiboriloni kupanda Old Moshi hadi kanisani na kurudi. Kupanda niliendesha mimi, kushuka aliendesha yeye. Lile dogo lilipanda vizuri mpaka nusu ya njia, halafu hewa ilipopungua likaanza kutweta, nami nikatweta nalo. Kushuka alilishika kwenye gia ya pili na ya tatu, kona kwa kona, injini ikinguruma kwa kujizuia, na tulipofika chini akagusa rimu, akaguna tu. Kisha likaja la fedha. Wasomaji wangu, sijui nilieleze vipi. Pale ambapo dogo lilichoka, kubwa ndipo lilipoamka. Nilikanyaga mafuta kidogo, kiti kikanisukuma mgongoni, migomba ikawa ukuta wa kijani pande zote mbili, na mbele yetu, mawingu yakiwa yamefunguka, theluji ya Kibo ikawa inakuja kama tunaifuata nyumbani kwake. Ile sauti ya utotoni niliipata. Nililia mle ndani, na sikujificha. Fundi alinitazama, akatazama mbele, akasema taratibu kwamba yeye pia huwa hivyo.

Kanisani tukabadilishana viti. Akaweka gia ya pili, akaanza kuteremka kwa mwendo wa mtu anayerudi kutoka msibani. Hapo ndipo nilipoharibu. Inabidi niwaeleze kwamba kwetu tuna tabia moja. Barabara ikianza kuteremka unatoa gia, unaliacha gari liteleze lenyewe mpaka Kiboriloni. Tunaita kushuka bure. Mafuta hayaliki, injini inapumzika, mlima unakubeba. Baba yangu aliendesha gari la kubebea kahawa na alishuka bure miaka yake yote, mimi nilifundishwa kuendesha naye, na hivyo ndivyo nilivyoshuka maisha yangu yote. Nikamwambia fundi kwamba watu wa mjini wanauogopa mlima. Nikamwambia gari la bei ile kulishusha kwa gia ya pili ni kulitukana, kwamba yeye analiumiza kwa woga wake. Alisema breki za gari zito hazipendi hivyo. Sikumwacha. "Toa gia, fundi," nilimwambia. "Sisi ndio tunaojua kushuka huku." Akatazama kona iliyokuwa mbele yetu. Kisha akasema, "Haya, mama. Mwenye mlima ni wewe," akatoa gia.

Kwa kona chache ilikuwa raha tupu. Gari zito lile liliteleza bila kelele, upepo tu madirishani, fundi akikanyaga breki kila kona na kuachia. Nilikuwa nikipapasa nyuzi za ngozi ya kiti. Baadaye kidogo nilisikia injini imerudi kupiga kelele, gia ya tatu, kisha ya pili, na mkono wake wa kushoto ukivuta breki ya mkono kidogo kidogo. Nikakasirika: si tumekubaliana? Lakini kabla sijafungua mdomo akaniuliza, kwa sauti ileile ya gerejini, "Hebu nitajie tena bei ya lile dogo." Nikataja. "Na hili?" Nikataja. "Toa hiyo kwenye hii, halafu uniambie kilichobaki kinanunua nini." Nikaanza kumjibu kwa hasira, nikihesabu kwa vidole: viti, nguvu, heshima. Katikati ya heshima akauliza ile njia ya kulia mbele yetu inakwenda wapi. Nikamwambia inapanda kwa shangazi yangu. Akakata kulia. Gari likapanda ile njia ya udongo kwa kasi iliyobaki, likapunguza, likasimama migombani, mbele ya mama aliyekuwa amepanga mikungu ya ndizi.

Akashuka, akachukua jiwe akaliweka nyuma ya tairi. Nikamuuliza vipi. Akasema anataka kununua ndizi. Nikamuuliza harufu ile ya kuungua ni ya nini. Akatazama huku na huku, akasema labda kuna mtu anachoma taka. Kisha mtu yule, ambaye hata sokoni sikuwahi kumwona akibishania bei, alikaa juu ya gogo akabishania mkungu mmoja wa ndizi karibu saa nzima. Alitaka kujua ni za kupika au za kuiva, mgomba una umri gani, maji ya mfereji huja zamu ya nani. Yule mama naye alifurahi kupata mtu wa kuzungumza. Mimi niliketi garini nimefura. Tulipoondoka alilishusha kwa gia ya kwanza njia yote, mkungu umelala miguuni pangu, daladala zikitupita na kupiga honi, vijana wa bodaboda wakigeuka kututazama. Chini hakugusa rimu. Alisimama tu kando ya gari, mikono mfukoni.

Kesho yake nilikwenda kuchukua hukumu. Aliniambia bila kuzunguka kwamba lile kubwa ni zuri kuliko dogo kwa kila kitu, na asiyesema hivyo ni mwongo. "Lakini wewe chukua dogo." Nilimuuliza kwa nini mimi. "Kwa sababu ni jepesi. Linasamehe." Neno lile lilinichoma. Nilisikia kwamba mimi ni mwanamke, mstaafu, wa kusamehewa. Akaniomba nimwahidi jambo moja tu, nisiwe natoa gia nikishuka. Nikaahidi kama mtu anavyomwahidi daktari. Nililichukua dogo, kusema kweli kwa sababu ya dawa za uzeeni, na hasira yote niliileta hapa kwenye safu. Niliandika juu ya fundi anayejua kila kitu kuhusu mbio isipokuwa kukimbia. Niliandika juu ya jiwe nyuma ya tairi la gari la kifahari kama vile ni mkokoteni. Na nilimaliza hivi, mkumbuke: tukafika chini, hakuna lililotokea, isipokuwa mkungu wa ndizi.

Ahadi yenyewe niliivunja wiki ileile. Miaka sita nimeshuka bure na gari langu jekundu, paa nimelikunja, kanga ikipepea. Na miaka sita nimewaambia watu kwamba kushuka bure kunatunza gari, ushahidi ni kwamba sijawahi kulipia breki hata mara moja. Fundi hakuwahi kuniuliza habari za ahadi. Nilipompelekea gari aligusa rimu, akanitazama kidogo, akaniambia nije jioni. Wiki chache baada ya ile safu niliona ameibandika ukutani gerejini, juu ya meza ya bisibisi, na yale maneno "hakuna lililotokea" ameyapigia mstari kwa penseli nyekundu ya seremala. Nilidhani amefurahi kuingia gazetini.

Juzi, tukiwa msibani, mjane wake aliniita chumba cha ndani. Nilimpa pole, akaniambia ameshapoa, akanikalisha karibu naye kitandani. "Kumbe wewe ndiye mama wa bure," alisema. Sikuelewa. Akanieleza polepole, bila kunilaumu hata kwa jicho, na ningependa angenilaumu. Siku ile ya gari la fedha mumewe alirudi nyumbani na mkungu wa ndizi akashindwa kushika kikombe cha chai. Alimwambia mkewe kwamba pedali ya breki ilizama mpaka sakafuni kwenye kona ya tatu, breki zimechemka, hazishiki kitu, na pembeni yake amekaa mama wa watu anahesabu kwa vidole. Alimuuliza bei ili asitazame miguuni pake. Alitafuta njia yoyote inayopanda. Na ile saa nzima ya kubishania ndizi ilikuwa ya kusubiri chuma kipoe.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilimwambia akwambie," alisema mjane. "Akasema, yule mama alilia kwa furaha garini mle. Nikimwambia alikosakosa kufa hatashika usukani tena." Tena, alisema, mumewe alijihesabia kosa mwenyewe: fundi ndiye anayejua, hakupaswa kutoa gia kwa sababu ya kuona haya. Lile gari la fedha alilibadilisha mafuta ya breki na diski kabla hajaruhusu liuzwe, na mwenye nalo leo anaendelea kulifurahia. Kuhusu langu, alijua nitaendelea kushuka bure. Kwa hiyo kila nilipolipeleka alitia mafuta mapya ya breki, na padi zikiisha alifunga nyingine, kwa pesa yake, na kwenye karatasi yangu ya malipo hakuandika. Mkewe akimuuliza kopo lile ni la nani, alijibu ni la mama wa bure. Nilimuuliza kama ile safu yangu ilimuumiza mumewe. Alisema vijana wa magari ya mbio walipungua baada ya safu ile, wakawa wanapita getini na kumwuliza bei ya ndizi. Yeye aliibandika tu ukutani.

Nilitoka nikaenda kuitazama. Ipo bado, imekuwa ya njano, pembe moja imeshikwa na mafuta. Nilisimama mbele ya mstari ule mwekundu nikajiona mdogo sana. Nimekaa miaka arobaini ubaoni na miaka kumi gazetini nikiwapima watu, na maneno pekee ya kweli niliyomwandikia mtu yule niliyaandika kwa kumdhihaki. Hakuna lililotokea. Ndiyo kazi aliyoifanya. Mtu mwenye gari linaloanguka mlimani, na mpumbavu pembeni, alilifikisha gari kwenye migomba kwa namna ambayo mpumbavu alidhani ni ununuzi wa ndizi. Nimeona theluji ya Kibo ikiwaka jua linapochomoza, nimesikia ile sauti nyekundu ya utotoni, lakini sijui kama nimewahi kustaajabia kitu kama ninavyostaajabia saa ile moja juu ya gogo, na yule mtu akiuliza kwa utulivu maji ya mfereji ni zamu ya nani.

Tumezoea kulipia kinachoonekana. Gari hulipiwa kwa linavyopanda, na watu vivyo hivyo: tunashangilia mtu akipanda cheo, akipanda bei, akipandisha ghorofa, na tunaandika magazetini. Anayezuia hatumwoni, kwa kuwa akifaulu hakuna la kusimulia. Mkunga ambaye mtoto wake alizaliwa tu, dereva wa basi ambaye abiria wake walifika wakiwa wamelala, mwalimu ambaye darasani kwake hakupotea mtu. Tunapita karibu nao tukidhani mambo huenda yenyewe, kwamba mlima ndio unaotubeba. Nami nimejua sasa kwamba katika miaka ile yote niliyoshuka bure hapakuwa na bure. Kulikuwa na mtu wa Rau, asiye na gari, aliyekuwa akinilipia.

Kwetu aliyekosa hubeba jani la isale kumpelekea aliyemkosea, na likipokelewa neno limekwisha. Jana asubuhi nilikata moja kwenye ua wa kihamba cha baba, nikaliweka kwenye kiti cha pili cha lile gari jekundu. Nilishuka kwa gia ya pili kutoka kanisani, foleni nyuma yangu, honi zikilia, kijana mmoja akapita akinipungia mkono kwa dharau. Ile njia ya shangazi niliipita polepole. Kiboriloni nilisimama kando, nikashuka, nikagusa rimu zote nne kwa mgongo wa kiganja. Zilikuwa vuguvugu tu. Kisha nikaenda Rau. Mjane amekaa Moshi miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. Alilipokea jani kwa mikono miwili, akalitazama, akasema mumewe angelipokea siku ileile, halafu angeniuliza swali moja tu.

"Umeshukaje?" aliniuliza kwa niaba yake.

Kwa gia ya pili, nilimjibu. Hakuna lililotokea.